MRI yaweza kufichua mapema iwapo tiba ya saratani inafaulu

MGONJWA wa saratani anayetoka Bukhayo, mpakani mwa Kenya na Uganda, hana budi kusafiri. Aweza kuelekea Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, au kuvuka mpaka hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1967. Baada ya gharama zote hizo, swali kuu huwa moja: je, dawa inafanya kazi?

Kwa kawaida madaktari hupima ukubwa wa uvimbe. Jumla ya vipenyo ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, mgonjwa huhesabiwa kuwa amepata nafuu; ikiongezeka kwa angalau asilimia 20, ugonjwa unasonga mbele. Tatizo ni kwamba uvimbe huweza kuchelewa kunywea ilhali seli zake zimekwisha kufa.

Hapo ndipo mtambo wa MRI unapofaa. Hautumii eksirei, bali sumaku yenye nguvu, pamoja na mawimbi ya redio, kupata ishara kutoka kwa hidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuuwezesha ufundi huo kutoa picha.

Mbinu mojawapo hupima mwendo wa maji. Seli za saratani husongamana mithili ya malori katika foleni ya Malaba, maji yakakosa pa kupita. Dawa ikiziua, kuta zake huvunjika na maji yakatembea kwa uhuru. Badiliko hilo laweza kuonekana kabla uvimbe haujapungua, na daktari akapata fursa ya kubadilisha dawa isiyofaa mapema.

Hata hivyo, picha pekee si hukumu. Kovu au uvimbe uliosababishwa na tiba ya mionzi huweza kufanana na saratani, hivyo vipimo vingine bado vyahitajika.

Zaidi ya yote, ulinganisho hauwezekani bila picha iliyopigwa kabla ya tiba kuanza. Anayeanza matibabu Kampala na kuyaendeleza Eldoret asiiache picha hiyo nyuma. Aiombe pamoja na ripoti yake, aitunze, na kuibeba kila aendapo kliniki.