Tablete inawaka na kuzima bila kuacha: tufanye nini?



Kila msimu wa kununua mahindi, swali hili linatufikia kutoka koperative za kandokando ya Kolwezi, njia ya Mutshatsha na upande wa Lubudi: «Mashine inawaka, inaonyesha alama ya kampuni, inazima, inawaka tena. Iko vile tangu asubuhi. Tutafanya namna gani?»

Shida siyo mashine peke yake. Ndani yake kuna majina ya wanachama na kilo ambazo kila mmoja alileta depo. Mama aliyeleta magunia sita Jumatatu, kama hakupewa karatasi, hana ushahidi mwingine. Tablete inaweza kununuliwa tena. Kilo za watu zikifutika, ugomvi unaanza. Kwa hiyo tumepanga hatua kuanzia zile zisizofuta kitu. Zifuateni moja baada ya nyingine, msiruke.

Kwa nini inafanya vile?

Mara nyingi ni nguvu. Wakati wa kuwaka, mashine inakula umeme mwingi kwa mara moja. Batiri iliyochoka ni kama mtu anayeenda shamba bila kula: anasimama, kichwa kinazunguka, anakaa tena. Sababu nyingine ni butoni ya kuwasha iliyokwama kwa vumbi, karte iliyoharibika, programu mpya isiyopatana na mashine, au kazi ya kusasisha iliyokatika katikati kwa sababu umeme ulienda.

Hatua za kufuata

1. Chaji kwanza. Tumieni chaja nzuri na waya mzima, saa moja hivi. Msiunge tablete moja kwa moja kwenye paneli ya jua bila kirekebisha umeme: wingu likipita nguvu inashuka, jua likitoka inapanda, na mashine inachanganyikiwa. Kama paneli ina batiri yake kubwa, chajini kutoka kwa batiri hiyo.

2. Toa kifuniko cha plastiki. Mara nyingine ndicho kinachobana butoni. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha bonyeza butoni mara kadhaa uone kama inarudi juu vizuri.

3. Toa karte SIM na karte ya memwari. Ziweke ndani ya bahasha yenye jina la koperative, halafu jaribu kuwasha bila karte hizo.

4. Shikilia butoni ya kuwasha pamoja na ile ya kupunguza sauti. Hesabu polepole mpaka 20, kisha achia. Kwa mashine nyingi, hii inalazimisha kuanza upya na haifuti kitu.

5. Jaribu hali ya usalama. Ukiona alama ya kampuni, shikilia butoni ya kupunguza sauti mpaka mashine imalize kuwaka. Ikiwaka vizuri hapo, kosa ni la programu. Ondoa ile iliyowekwa mwisho, kisha washa upya kama kawaida. Lakini angalia: usiondoe programu ya fomu, kama KoboCollect. Ukiiondoa, fomu ambazo hazijatumwa zinaenda nayo.

6. Menyu ya ukarabati. Zima mashine, kisha shikilia butoni ya kuwasha na ya kuongeza sauti mpaka maandishi madogo yatokee. Mashine nyingine zina butoni tofauti. Unashuka kwa butoni ya sauti, unakubali kwa butoni ya kuwasha. Mstari wenye neno «cache» unafuta takataka za muda tu. Huo mnaweza kuuchagua. Mstari wenye neno «data» unafuta kila kitu: majina, kilo, picha, vyote. Huo msiuguse. Kama mstari wa «cache» haupo, chagueni ule wa kwanza, wa kuwasha upya, mtoke.

Ikikataa bado

Pelekeni kwa fundi, lakini sekretere aende naye na akae hapo. Fundi wengi wanapenda njia fupi: kufuta vyote. Mwambieni mapema: «Kuna fomu hazijatumwa. Usifute bila sisi kukubali.» Na kama kufuta kunabaki njia pekee, hakikisheni mnajua anwani ya Google ya mashine na neno lake la siri. Tablete nyingi za Android zitaiuliza baada ya kufutwa, na bila hiyo zinabaki zimefungwa.

Kama batiri imevimba na kioo au mgongo unainuka, acheni kuchaji palepale. Msiitoboe, msiitupe motoni: inaweza kuwaka. Kobalti inayochimbwa hapa kwetu Lualaba inatumika ndani ya batiri nyingi za aina hii duniani, lakini batiri mbovu siyo mali ya kuvunja ili kutafuta kitu ndani. Iwekeni mbali na watoto na magunia, mkaulize fundi.

Kesho isitukute tena

Tuma fomu kila siku jioni, au siku yoyote mnapopata mtandao. Msikubali kusasisha mashine katikati ya msimu, wala kama batiri iko chini ya nusu. Tablete ya koperative isiwekwe miziki na michezo ya watoto. Memwari ikijaa, matatizo yanafuata.

Na zaidi ya yote, wekeni kaye ya karatasi pembeni ya mizani. Jina, tarehe, kilo, sahihi ya mwanachama. Ni dakika moja kwa kila gunia. Siku tablete itakapokataa kuamka, mnafungua kaye, kazi inaendelea, na kila mtu analipwa kilo zake.