Ukinunua ngege usiku, hamisha tochi

Jioni moja pale sokoni Pap Onditi, Nyakach, nilichagua ngege wawili kwa tochi ya simu. Macho yaling'aa, nikaambiwa ni wa leo, nikalipa. Kufika nyumbani na kuwasha stima, macho yale yale yalikuwa na ukungu mweupe. Pesa ya chakula cha siku mbili, kwisha.

Nililaumu muuzaji. Lakini ebu fanya hivi: mulika kidole chako kwa tochi kutoka mbele. Unaona ngozi tu, sivyo? Sasa bana tochi nyuma ya kidole. Kinawaka chekundu kama kaa la moto.

Kidole, nta, maziwa, mnofu wa samaki: vyote hupitisha nuru kidogo bila kukuonyesha kilicho upande wa pili. Nuru huingia, ikagongana humo ndani, ikatokea kwingine. Ubongo haupigi hesabu ya safari hiyo, unakisia tu. Roland Fleming na Heinrich Bülthoff waliandika mwaka 2005 kwamba tunategemea dalili rahisi za picha, kama vile mng'ao na tofauti ya mwanga na kivuli. Mwaka 2014 Bei Xiao na wenzake wakaonyesha kwamba kitu kile kile kinaweza kuonekana kupitisha nuru zaidi au kidogo, kutegemea tu taa iko upande gani. Ile ya nyuma ndiyo hufichua zaidi.

Sasa rudi kwa ngege wangu. Samaki aliyemwagiwa maji humeta hata kama alivuliwa juzi. Nilimulika kutoka usoni mwangu, mng'ao ukanirudia machoni na kufunika ukungu. Peleka tochi ubavuni, mng'ao unahama, jicho linabaki wazi ulione.

Kwa mnofu wa mbuta, inua kipande uweke tochi nyuma. Ule freshi hupitisha nuru. Uliokaa huanza kuwa mweupe, mzito. Ni kama ute wa yai kwenye sufuria: protini zikishikana, nuru hutawanyika na weupe unaingia.

Wiki iliyofuata nilirudi na ujanja wangu, nikazungusha simu weee. Mama samaki akanitazama, akacheka.

"Nyathina, weka simu mfukoni. Fungua shavu, unuse."

Nikanusa. Nikachukua watatu.