Kiangazi Kikikaza, Tuwakumbuke Ndege

Huko Ulaya, theluji inapofunika ardhi, akina mama wengi hutundika chakula cha ndege nje ya madirisha yao. Sisi wa Tabora hatuna theluji, lakini tuna kiangazi, nacho huwatesa ndege vilevile. Tangu Juni hadi Septemba mvua ni kama hakuna, na Oktoba joto huzidi. Vijito vimekauka, miti ya miombo imepukutisha majani, na moto umeshapita porini.

Wapagazi wa zamani waliijua kiu hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea Ujiji ilipita katika pori la Mgunda Mkali, mashariki yetu, ambalo Burton na Speke walilivuka mwaka 1857. Misafara iliharakisha hapo kwa sababu maji yalikuwa haba. Hata hivyo mpagazi alikuwa na kibuyu chake. Shomoro hana.

Mtazame tetere saa nane mchana, ametua kivulini, mdomo wazi. Ndege hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema, na kila anapohema hupoteza maji. Wanaokula wadudu au matunda hupata maji ndani ya chakula chao, lakini wala mbegu, kama tetere na shomoro, hawana budi kutafuta pa kunywa.

Najua mama mmoja atauliza, "Ndoo moja naihangaikia tangu alfajiri, nimgawie ndege?" Ni swali la haki. Basi usimgawie ya ndoo. Maji uliyosuuzia mchicha yanatosha, mradi hayana sabuni wala chumvi. Tafuta sahani kuukuu au kigae cha chungu, maji yasizidi kina cha vidole vitatu, na katikati weka jiwe la kutua. Kiweke chini ya mwembe, mbali na kichaka anapojificha paka. Maji yamwagwe na chombo kisuguliwe kila siku, maana yakilala siku nyingi yatazaa mbu, na hapo utakuwa umejiletea malaria nyumbani.

Pipa na ndoo zifunikwe. Ndege mwenye kiu huinamia maji ya kina, akatumbukia na kufa, na maji yako yakaharibika.

Jambo jingine ni kuku. Usiwanyweshe chombo kimoja na ndege wa porini, kwa sababu magonjwa huambukizana, na mdondo ukiingia bandani unaweza kumaliza kuku wote. Wachanje mapema kabla hujaanza ukarimu huu.

Chakula si lazima. Konzi ya uwele au mtama inatosha kwa siku. (Kwelea kwelea simzungumzii, anayekuja kwa maelfu na kumaliza shamba hahitaji msaada wetu.)

Wavulana wenye manati watalipenda sana sahani hilo, kwani ndege anayekunywa ni rahisi kulengwa. Mpe mwanao kazi ya kulijaza kila asubuhi. Mara nyingi aliyelijaza ndiye atakayewafukuza wenzake.

Kuanzia Oktoba utaona mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Hao hunywa wakiwa wanaruka, wakichota kwa mdomo juu ya mabwawa kama Igombe, wala hawatatua uani kwako. Mvua za Novemba zikishika, sahani unaweza kuliondoa mpaka mwakani.