Je, Wajua? Julai Iliyopindua NBA

Je, wajua kwamba usajili wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu, mwaka 2019 ulifunguliwa saa saba usiku wa kuamkia 1 Julai kwa saa za Kitale na Bungoma? Kufikia alfajiri ilikuwa imejulikana kwamba Kevin Durant anaihama Golden State Warriors na kwenda Brooklyn Nets.

Kishindo chenyewe kilikuja Jumamosi ya tarehe 6, watu wakinywa chai ya asubuhi. Kawhi Leonard, aliyekuwa ametoka tu kuipa Toronto Raptors ubingwa, alichagua Los Angeles Clippers. Aliyemleta Toronto ni Masai Ujiri, bosi wa Raptors wakati huo, ambaye mama yake ni Mkenya. Mwaka mmoja kabla, Ujiri alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, ili ampate. Uamuzi wa kijasiri, na kombe lilimpa haki.

Lakini tazama bei waliyolipa Clippers! Leonard alitaka acheze na Paul George, basi wakaipa Oklahoma City Thunder Danilo Gallinari, kijana Shai Gilgeous-Alexander, nafasi tano za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, na haki ya kubadilishana nafasi nyingine mbili. Nafasi mojawapo ilimleta Jalen Williams mwaka 2022.

Mwaka 2025 Thunder walitwaa ubingwa. Shai alikuwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali. Williams alifunga pointi 40 katika mchezo wa tano wa fainali hizo.