Sala, Mkono na Kitabu

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha UCL, London, waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta na kuwapa mchezo wa kukera. Kwenye skrini yanatokea mawe, na mchezaji anakisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi: haimdhuru, ila inauma kweli. Mawe mengine yalikuwa na nyoka karibu kila mara, mengine kwa nadra, mengine nusu kwa nusu. Muda wote huo Archy de Berker na wenzake walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho, maana hivyo viwili si rahisi mtu kuvighushi.

Wachezaji walihangaika zaidi kwenye mawe ya nusu kwa nusu kuliko pale walipojua kabisa kwamba shoti inakuja. Aliyewahi kusubiri majibu ya kipimo cha hospitali, au mshahara usiojulikana utaingia lini, ataelewa mara moja. Ubongo ukilijua baya linalokuja hujipanga. Usipolijua hubaki macho kutwa kucha, na kukesha huko kunachosha mwili mzima.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoziita raha ndogo za nyumbani, kama sala, mkono wa mwenza na kitabu, njia ya kujisahaulisha. Naona zinafanya kazi kwa sababu kila moja inaupa mwili kitu ambacho tayari unajua kinakwendaje.

Sala ndiyo iliyopimwa kwa namna ya kuvutia zaidi. Mwaka 2001 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa daktari wa Italia, Luciano Bernardi. Watu 23 wenye afya njema walisali Salamu Maria kwa Kilatini huku pumzi zao, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikirekodiwa. Pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika. Sala hiyo husaliwa kwa kupokezana, kiongozi sehemu ya kwanza na waitikiaji ya pili, kwa hiyo mtu hutoa pumzi polepole akitamka, kisha huivuta zamu ya mwenzake ikifika. Mzunguko mzima ni takriban sekunde 10, na shinikizo la damu lina mawimbi yake ya asili yenye urefu huohuo. Pumzi ikienda sawia na mawimbi hayo, vihisi vilivyomo kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo huwa vyepesi zaidi kurekebisha mapigo. Mantra za yoga zilileta matokeo kama hayo, hivyo kilichopimwa hapa ni pumzi. Imani yenyewe haina mashine ya kuipima.

Nyiradi za tasbihi, 33, 33 na 34, hazikuwemo katika utafiti huo. Wala haikuwemo rozari ya jumuiya mwezi wa Oktoba, ile inayoongozwa mbiombio kwa kuwa mawingu yametanda na watu wana nguo kambani. Nadhani Bernardi angewaomba wapunguze mwendo.

Kwa upande wa familia, kipimo kilikuwa mkono. James Coan na wenzake, nchini Marekani, waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya MRI na kuwaonya kwamba huenda wakapigwa shoti. Uwezekano ulikuwa asilimia 20 tu, yaani kutojua kulekule. Kila mwanamke alipitia hali tatu: bila kushikwa mkono, akiwa ameshika mkono wa mtu asiyemjua, na akiwa ameshika wa mumewe. Mkono wa mgeni ulisaidia kidogo. Wa mume ulituliza sehemu nyingi zaidi za ubongo zinazoshughulikia hatari, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na ndoa nzuri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Kumbuka kwamba waume hao hawakuwa na uwezo wa kuizuia shoti, na mkono ulifanya kazi vilevile.

Kitabu kinanipa taabu kidogo, maana hadithi nzuri imejaa kutojua. Tofauti yake, naona, ni kwamba msomaji anaweza kukifunga akachemshe chai, na idadi ya kurasa zilizobaki anaihisi kwa kidole gumba. Habari za simu hazina ukurasa wa mwisho. Mwaka 2016 watafiti wa Yale walichapisha uchambuzi wa Wamarekani 3,635 wenye zaidi ya miaka 50, waliofuatiliwa kwa miaka 12. Wasomaji wa vitabu walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 20, hata baada ya kuzingatia umri, elimu na mali. Hilo halithibitishi kwamba kitabu ndicho kilichowaongezea maisha. Huenda wasomaji wanatofautiana na wengine kwa mengi yasiyopimwa. Kusoma magazeti na majarida kulionyesha faida ndogo kuliko vitabu, jambo ambalo mwandishi wa makala kama hii analiandika kwa shingo upande. Watafiti wanaielekeza sababu kwenye akili: kufuata wahusika na visa kwa kurasa nyingi kunaishughulisha zaidi kuliko kuruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine.