Jinsi bakteria wa kuhara damu wanavyojua wakati wa kudunga sindano

MAJI ya bomba yanapokatika mjini Voi, nao Mto Voi, ambao hutiririka kwa msimu tu, ukiwa umekauka, familia nyingi hununua maji ya mitungi bila kujua yalikotekwa. Maji kama hayo, yasipochemshwa, huweza kumwingiza shigela, bakteria anayesababisha kuhara damu. Bakteria wapatao 100, hata pungufu, wanatosha kumlaza mtu mzima. Kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi. Choo kikiwa na damu, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Silaha ya shigela ni sindano ndogo mno zilizochomoza mwilini mwake. Kupitia kwazo huingiza protini katika seli za utumbo, na protini hizo huilazimisha seli immeze adui wake.

Hata hivyo, shigela hadungi ovyo. Akiwa kwenye maji ya mtungi, sindano haziundi. Joto la mwili, nyuzi 37, ndilo humwamsha. Akishafika utumbo, sindano huwa tayari lakini zimezibwa, protini zikingoja ndani. Mwaka 2010, watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walieleza kinachozizibua: oksijeni. Katikati ya utumbo ni kama haimo, ila kando ya ukuta wake huvuja kidogo kutoka kwenye damu. Shigela akiihisi, hujua amefika.

Kwa vile shigela wengi wamekuwa sugu kwa antibiotiki za kawaida, wanasayansi wanatafuta dawa ya kuziba sindano hizo. Haijafika hospitalini bado.