Bundi Mmoja ni Mlinzi, Mwingine ni Mvamizi

Askari yeyote aliyepata kushika lindo la usiku anaijua sauti ya bundi. Anayajua pia maneno yanayoifuata: kwamba ndege huyo ni wa uchuro, na kwamba akilia juu ya paa, basi mwenye nyumba ajiandae kwa msiba. Nilipokuwa mwanafunzi wa uofisa, mwenzetu mmoja wa zamu alimpiga jiwe bundi aliyezoea kutua juu ya ghala la chakula. Ndege akafa, nasi tukamsifu mwenzetu kwa shabaha. Kabla ya mafunzo kwisha, magunia ya mahindi yalikuwa yametobolewa na panya. Sajini mtunza ghala, mtu wa maneno machache, alitupanga mstari akasema: "Mmemwua mlinzi wangu. Sasa lindeni ninyi." Tulikesha tukiwinda panya kwa fimbo.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya bundi mwingine, anayeishi katika kisiwa cha Mahé, kilicho kikubwa kuliko vyote katika nchi jirani ya Shelisheli. Wanajeshi wengi wanakifahamu kisiwa hicho kwa tukio la tarehe 25 Novemba 1981, wakati mamluki wa Mike Hoare walipotua na ndege ya abiria wakijifanya watalii, silaha zikiwa zimefichwa katika mizigo. Walifichuliwa palepale uwanjani, wakapigana, kisha wengi wao wakatoroka kwa ndege ya India waliyoiteka. Lakini Mahé ilikuwa imekwisha kupata wavamizi wa namna nyingine, ambao hawakuondoka.

Bundi wa Mahé ni mdogo, urefu wake ukiwa kama sentimita 20. Rangi yake ni ya kahawia yenye michirizi, macho yake ni ya manjano, na miguu yake haina manyoya. Mchana hujificha penye majani mazito. Usiku hutoka kuwinda wadudu, mijusi na vyura wa mitini. Makao yake ni misitu ya milimani yenye ukungu na unyevu. Sauti yake ni ya kukwaruza, mfano wa msumeno unaopasua gogo, na ndiyo maana wenyeji kwa lugha yao ya Kikreoli humwita "syer", yaani mpasua mbao. Hapana mahali pengine popote duniani anapopatikana.

Ndege huyu alielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1880 na H. B. Tristram, padri wa Kiingereza aliyekuwa bingwa wa elimu ya ndege. Baadaye akawa haonekani, hata wataalamu wakamhesabu miongoni mwa viumbe waliotoweka, mpaka alipogunduliwa tena karibu na mwaka 1960. Hata hivyo, maisha yake yaliendelea kuwa siri. Miaka mingi zaidi ilipita kabla ya watafiti kukiona kiota chake cha kwanza. Wapelelezi wetu wangeweza kujifunza mengi kwake katika sanaa ya kujificha.

Basi ni nani aliyemfikisha katika hali hiyo? Adui wa kwanza alikuwa shoka. Tangu Wafaransa walipoanza kukaa visiwani humo mwaka 1770, misitu ya asili ilikatwa kwa ajili ya mbao na mashamba, na mahali pake pakaenea mdalasini na miti mingine ya kigeni. Pamoja na watu walikuja panya na paka, ambao ni hatari kwa ndege wa visiwani.

Panya walipozidi, wakubwa wa wakati wa ukoloni waliona dawa rahisi. Mwaka 1949 waliingiza bundi wa kigeni, yule mkubwa mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, ili wapambane na panya. Ni bundi wa jamii ileile inayoishi katika maghala na magofu ya bara letu. Lakini alipofika Shelisheli alikuta mawindo mepesi kuliko panya: ndege weupe wa baharini, wanaotaga yai moja juu ya tawi tupu bila kiota. Akawageukia hao. Panya wakabaki, na ndege wa nchi wakapata adui mpya. Wataalamu wanamtaja pia kuwa tishio kwa bundi mdogo wa Mahé. Mwishowe ilibidi itolewe zawadi ya fedha kwa kila bundi mgeni aliyeuawa.

Hapa pana fundisho ambalo askari hana budi kulitafakari. Bundi wa ghala letu aliuawa bila hatia, kwa kuwa alikuwa katika eneo lake na akitimiza kazi yake. Ndugu yake wa Shelisheli aliwekewa bei juu ya kichwa chake, kwa kuwa alipelekwa vitani na watu ambao hawakufanya upelelezi wa uwanja. Kosa halikuwa la ndege. Kamanda apelekaye kikosi asipolijua eneo, asilaumu kikosi.

Serikali ya Shelisheli ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Morne Seychellois mwaka 1979. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa zaidi ya hekta 3,000, na inauzunguka mlima wenye kimo cha mita 905. Humo ndimo ilimo ngome kuu ya bundi huyu. Idadi yake inakadiriwa kuwa haifiki 400, nayo haiwezi kuongezeka upesi, maana jozi huonekana na kinda mmoja tu. Kikosi kidogo namna hiyo hakina akiba: moto mmoja au ugonjwa mmoja unaweza kukimaliza.

Ndugu askari, usiku wa leo ukiwa lindoni, ukasikia bundi akilia juu ya paa, usiinue jiwe. Sikiliza kwanza, ukumbuke kwamba yumkini naye yuko zamu.